Maji ya Kunywa na Maji ya Kuoshea

Ukiwauliza watu wa mtaa wa Gerezani, watakwambia mota ya mashine ya unga iliuawa na mvua. Usiwabishie, wana yao ya kuwachosha. Lakini Severa, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika ule, anajua kwamba mvua haikuua kitu. Kila akikumbuka hushika tama na kusema, "Mimi huyu. Mimi huyu huyu." Hasemi mbele ya watu. Husemea jikoni, akiwa peke yake.

Mashine yenyewe ilikaa kwenye banda la mabati, bondeni kidogo, nyuma ya karakana. Ushirika ulikuwa na watu tisa, wanawake saba na wanaume wawili, na walisaga mahindi ya watu wa Kariakoo mpaka Magomeni. Mwaka ule yalikuwa mahindi ya njano, yale ya msaada, ambayo unga wake watu waliupachika jina la yanga. Wakaula huku wakiununia, maana ungefanyaje? Sembe nyeupe uliisikia kwenye hadithi tu.

Na mwaka ule ndio uliokuwa wa Nguvu Kazi. Kama uliukwepa, shukuru Mungu wako. Kila mtu mzima mjini alitakiwa awe na kitambulisho cha kazi chenye muhuri wa kata. Asiyekuwa nacho aliitwa mzururaji, hata kama kaamka alfajiri na kulala mgongo unamuuma. Mzururaji alipandishwa lori, akapelekwa kijiji ambacho hajawahi kukisikia, akapewa jembe. Hapakuwa na cha nina mtoto wala nina mgonjwa.

Severa kwa nafsi yake hakuwa na wasiwasi. Mumewe Wilbert alikuwa karani bandarini, na mke wa mtu mwenye kazi ya serikali hakubughudhiwa. Wasiwasi wake wote ulikuwa kwa Sofia. Sofia alikuwa mtu wa Lindi, ameachika, hana kaka wala mjomba hapa mjini, na alikaa chumba kimoja Magomeni na mama yake, Bi Sabaha, ambaye macho yalikwishapotea na miguu ikafuata. Bi Sabaha alilishwa, aliogeshwa, aligeuzwa kitandani. Mtu wa namna hiyo humpakii kwenye lori. Na Sofia akipakiwa, huyu anabaki na nani?

Ndiyo maana Severa alimwambia Sofia, siku ile tangazo la kata lilipobandikwa, kwamba asiwe na shaka. Kitambulisho cha ushirika kinatambulika, mradi mashine inasaga. Kamati ya kata ingepita Ijumaa ya wiki iliyofuata, ikute mashine inazunguka, igonge mihuri, basi. Sofia alicheka akasema kama ni kusaga, watasaga mpaka kamati itoke na unga masikioni.

Jumamosi mvua ikaanza. Ilinyesha Jumamosi kutwa, ikanyesha Jumapili, na Jumapili jioni mtaro ukafurika, maji yakaingia bandani yakapanda mpaka kwenye dirisha. Jumatatu asubuhi yalipopungua, walikuta magunia yamevimba, mkanda wa mashine umening'inia, na mota, dude zito la chuma linaloendesha mashine nzima, limelala kwenye tope mpaka kichwani. Mmoja wa wanaume wale wawili alitaka kuwasha swichi aone kama bado ni nzima. Severa alimpiga kofi la mkononi, na hapo alifanya la maana. Laiti angeishia hapo.

Aliitwa Mzee Marcelino. Huyu alikuwa mtu wa kusini, mstaafu wa karakana ya reli, na katika Gerezani nzima hapakuwa na fundi mota kama yeye. Alikuja na viatu mkononi, akavua shati, akaifungua mota kwa spana zake mwenyewe. Ndani mlikuwa na waya za shaba zilizosukwa kwa mafungu, na kila fungu limejaa tope laini la kijivu. Aliwaeleza taratibu. Kuloa si kufa, alisema, mota ikilowa huanikwa. Kinachoua ni tope likikaukia ndani. Waioshe leo leo, waimwagie maji mpaka yatoke meupe, halafu waiache ichuruzike. Yeye alikuwa anakwenda kwa wenzake wa zamani kuazima kipimo na kuomba vanishi kidogo ya kupaka waya. Waya mpya wasiziwaze kabisa, maana nchi haikuwa na fedha za kigeni na waya ya shaba ya kusukia mota alikuwa hajaiona tangu mwaka juzi. Hii hii ndiyo ya kuokoa.

Akaondoka. Hakusema waioshe kwa maji gani. Na angesema nini? Mwanaume wa Dar es Salaam hukuta maji ya kuoga yamewekwa msalani, akaoga, akatoka. Karakanani kwao kulikuwa na tangi kubwa la maji baridi, unafungua tu. Haikumjia akilini.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mji mzima umelowa, samani zinaelea, na mabomba hayatoi hata tone. Mafuriko yalikuwa yamechafua maji huko yanakotoka, mitambo ikafungwa. Hapo bandani palikuwa na maji ya aina mbili tu. Kulikuwa na kisima cha jirani, hatua thelathini, maji yake maangavu lakini ya chumvi, kama visima vingi vya upande ule. Na kulikuwa na pipa chini ya mchirizi wa bati, kubwa, lenye mfuniko, ambalo Severa mwenyewe alilitega Jumamosi. Lilijaa pomoni maji ya mvua, matamu, hayana hata unyasi.

Na kila mwanamke aliyelelewa mjini hapa anajua mgawo wake, hafundishwi. Maji ya bomba au ya mvua ni ya kunywa na kupikia. Maji ya kisima ni ya kuoshea: vyombo, sakafu, nguo, miguu. Sabuni haitoi povu, lakini utafanyaje. Ukimkuta mtoto anaosha sufuria kwa maji ya kunywa unamtandika, na hakuna atakayekulaumu.

Wakajipanga mstari kutoka kisimani mpaka bandani, ndoo kwa ndoo, mkono kwa mkono. Walifanya kazi ile kwa moyo, tena wakiimba. Sofia alikuwa wa mwisho mlangoni, karibu na pipa. Ndoo zilipochelewa alifunua mfuniko, akachota ndoo nzima ya maji ya mvua, akageuka nayo kuelekea kwenye mota.

Severa alimwona. Aliweka mkono juu ya ile ndoo.

"Hayo ya kunywa, Sofia. Bomba hatujui litarudi lini. Ya kuoshea yanakuja."

Sofia akasema haya, mama mwenyekiti, kwa utani, akayarudisha pipani polepole yasimwagike. Severa akafunika pipa, akaweka na tofali juu. Alijiona mwanamke mwenye akili. Wakaendelea na ya kisima mpaka yakatoka meupe, kama fundi alivyotaka.

Mzee Marcelino alirudi mchana na kipimo, kisanduku chenye mkono wa kuzungusha na mshale unaopanda waya zikiwa kavu. Aliikuta mota inang'aa, akawasifu, akasema hata reli hawakuosha hivi. Kisha wakajenga jiko lao. Waliizungushia mota majiko sita ya mkaa, wakaifunika kwa mabati na magunia ili joto libaki ndani, si kali la kuunguza, la kuivisha tu. Walipokezana zamu kuchochea. Mkaa ulikuwa umelowa mji mzima, kwa hiyo kila mmoja alileta wake kutoka jikoni kwake, na siku zote zile nyumba tisa zilikula viporo.

Jumatano fundi alipima. Mota ikiwa ya moto, mshale ulipanda vizuri, uso wa Sofia ukapanda nao. Ilipopoa kidogo, mshale ukashuka. Akaongeza moto. Alhamisi, mambo yale yale: ikipata joto mshale juu, ikipoa mshale chini. Mzee alikuna kichwa. Alisema maji yalikwishatoka, anaona kwa macho, lakini kuna kitu ndani kinavuta unyevu wa hewa na yeye hakijui. Labda ni uzee wa waya. Akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Apewe na nani? Severa alikwenda kata kuomba kamati isogeze siku, akaambiwa ratiba imepangwa na haigeuzwi kwa ajili ya banda moja. Akarudi mnyonge. Akamweka mzee pembeni, akamwuliza kama mota haiwezi kuzunguka kabisa, hata kidogo, hata kwa kubahatisha. Marcelino hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwishowe akasema ikiwashwa ikiwa ya moto, na ikiachwa izunguke bila kusimama, joto lake lenyewe linaweza kuilinda. Ila isizimwe.

"Ikizimwa ikapoa, mama mwenyekiti, usinitume niiwashe tena. Umenisikia?"

Alisikia. Aliwaambia wote, na wote wakasikia.

Ijumaa saa tatu asubuhi wakaondoa majiko, wakavuta swichi. Mota ikanguruma. Jamani, sauti ile! Mkanda ukashika, mawe yakazunguka, Sofia akamwaga debe la mahindi, na unga wa njano ukaanza kushuka kama kawaida yake. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakiuangalia, na Sofia akaufinyanga kwenye kiganja, akaulamba ukiwa mbichi. Yanga waliyokuwa wakiinunia miezi yote, siku ile waliiona tamu. Severa alisikia moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kamati ilifika saa tano, watu wanne wamekunja suruali, mbele yao katibu wa kata. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alitabasamu alipoona mashine inafanya kazi baada ya mafuriko yale, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mtu wake akatoa muhuri na kibweta cha wino akaviweka juu ya meza. Vitambulisho tisa vilikuwa vimepangwa pale kwa mstari, cha Sofia cha tatu.

Basi wagonge, waondoke! Lakini kiongozi akifika mahali lazima aseme neno, na neno halisemeki mashine ikinguruma. Katibu alifungua kinywa, akafunga, akaonyesha sikio lake. Kisha akaonyesha mota kwa kidole na kufanya ishara ya kuzima.

Mzee Marcelino alimtazama Severa. Severa alimtazama katibu. Sofia aliwatazama wote wawili. Palikuwa na nafasi ya kusema, Ndugu katibu, tuzungumzie nje, au Ndugu katibu, tugonge kwanza. Maneno mepesi, mtoto angeweza kuyasema. Lakini akisema mota haizimiki, si atakuwa amekiri kwamba mashine ni mbovu? Severa alihesabu hivyo kichwani, na alihesabu vibaya. Akamwashiria fundi. Fundi akazima.

Katibu alihutubia saa nzima na zaidi. Alisema habari ya jasho, ya kupe, ya mji usiozalisha, ya ushirika huu kuwa mfano. Aliwasifu, kweli. Mlango ulikuwa wazi na upepo wa mvua unaingia bandani. Marcelino alikuwa amesimama na kiganja chake juu ya mota. Severa alimwona akibadilisha mkono, halafu akiuondoa.

"Sasa washeni tena," alisema katibu, "tugonge mihuri mashine ikiimba."

Fundi hakusogea. Ikabidi yule mwanaume wa Jumatatu, aliyepigwa kofi, avute swichi. Mota ilitoa mlio mmoja kama wa ng'ombe, mshindo ukasikika, moshi mweupe ukatoka pande zote mbili, na harufu ile ya waya zilizoungua ikajaa bandani. Kisha kimya. Unga uliokuwa angani ukashuka polepole juu ya meza, juu ya vitambulisho.

Katibu alikohoa. Alisikitika, hilo lilionekana. Aliuliza itatengenezwa lini, na Mzee Marcelino, ambaye hakujua kusema uongo, akajibu kwamba bila waya mpya haitengenezeki. Katibu akasema mashine iliyosimama si kazi, na yeye hakutunga sheria. Muhuri ulikuwa umekwisha kuguswa kwenye wino. Mtu wake akaupangusa kwa karatasi na kuufungia kwenye mfuko wake. Wasiokuwa na mume wala kazi nyingine wakaambiwa waripoti Jumatatu saa moja asubuhi, na mizigo yao.

Walipoondoka wote, wakabaki fundi na Severa. Marcelino aliifungua mota ingawa hapakuwa na faida, kwa sababu alitaka kujua. Waya zilikuwa nyeusi kwenye fungu moja. Kwenye mafungu mengine, katikati ya waya na waya, kulikuwa na ukungu mweupe. Aliukwangua kwa ukucha. Akautia kwenye ulimi.

Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa walioshea maji gani. Severa akamwambia ya kisima, ya pale kwa jirani. Fundi akageuza shingo, akalitazama pipa chini ya mchirizi, tofali juu yake.

"Na lile?"

"La kunywa," alisema Severa.

Mzee hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alimweleza tu, kama anayemsomea barua, kwamba chumvi ikibaki kwenye waya haikauki, inavuta unyevu wa hewa mchana na usiku, ndiyo maana mshale ulishuka kila ilipopoa. Kwamba angejua Jumatano angeisuuza kwa ndoo kumi za maji ya mvua, akairudisha kwenye moto, na Ijumaa ingewaka, ingezimwa, ingewashwa tena, na katibu angehutubia mpaka ashibe. Kwamba kosa ni lake yeye fundi kwa kutosema. Akafunga spana zake kwenye kitambaa. Watu walipomwuliza nje, alisema mota ilikuwa imezeeka, na hakusema zaidi mpaka anaingia kaburini.

Severa alisema atamwambia Sofia. Alipanga kumwambia Jumamosi, akapanga kumwambia Jumapili baada ya misa. Jumatatu alikwenda mpaka kwenye lori akiwa na maneno mdomoni. Sofia alikuwa amekaa juu ya furushi, khanga kichwani, hajalia. Alimshika Severa mkono akamwambia asijilaumu, mvua haina mwenyewe. Akamwambia mama anapenda uji uwe mwepesi, na ageuzwe upande wa ukuta mchana kwa sababu ya joto. Akamwambia akifika atatuma barua. Lori likawashwa kwa kusukumwa, likaondoka. Maneno ya Severa yakabaki pale pale mdomoni.

Adhuhuri hiyo alifungua pipa. Mabomba yalikuwa bado makavu, na Magomeni maji yalikuwa shida kuliko hata Gerezani. Alichota ndoo moja, akaitia majani ya mwembe juu yasichupe, akajitwika, akaenda kwa miguu.

Bi Sabaha alikuwa ameelekea mlango, macho yake meupe yamefunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni mwenzake Sofia wewe, nakujua kwa sauti. Ameshapanda?"

Severa akasema ameshapanda. Akamwinua kwa mgongo, akamwekea kikombe mdomoni. Bibi alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Ilikuwa siku yake ya pili bila maji ya maana.

"Matamu," alisema. "Ya mvua haya?"

"Ya mvua, mama."

"Sofia aliniambia. Alisema alitaka kuyamwaga kwenye chuma chenu huko, ukamzuia. Alicheka sana. Akasema, mama, yule mwenzangu ana akili ya nyumba, kwake hatutakufa kiu." Bibi alipapasa mpaka akaupata mkono wa Severa, akaushika. "Yamebaki mengi?"

Severa alitazama ukuta. Kwenye msumari ilining'inia khanga ya kazi ya Sofia, ile ya bandani, bado ina unga wa njano kwenye pindo.

"Pipa zima, mama," alisema. "Halijapungua."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sabaha, akanyoosha kikombe, na Severa akamjazia.